Kona ya Mwalimu: Moteri Inapokataa Kuwaka

Juma lililopita tuliahidi kuandika juu ya daftari za watoto zinazochanika kabla ya Noeli. Daftari zitangoja. Juma hili tumeshinda siku mbili nzima ukingoni mwa ziwa, mikono ikinuka esanse, na tumerudi na somo ambalo pale ISP hakuna profesa aliyetufundisha.

Wengi mnajua kwamba chama chetu kina boti moja ya mbao na moteri moja ya nguvu 40. Ni ya zamani. Tulipoinunua ilikuwa imekwisha kutumikia watu wengine wawili, na jina la kiwanda limefutika kwenye kofia yake. Hiyo ndiyo inayopeleka chumvi, sabuni na vitenge kwa wamama wa Idjwi kusini, na ndiyo inayorudi Bukavu na mananasi, ndizi na maharagwe. Ikilala siku moja, kuna nyumba ambamo chungu nacho kinalala.

Siku ya kwanza ya juma ilikataa kuwaka. Kapiteni wetu, kijana mwenye mikono kama ya mpasua mbao, alivuta kamba mpaka kiganja kikatoka malengelenge. Moteri ilikohoa mara moja, ikanyamaza. Ukingoni palikuwa na mizigo imefungwa na wamama tisa wamekaa juu yake, wengine na watoto mgongoni. Fundi mmoja wa jirani akaitwa. Alifungua kofia, akatazama, akatikisa kichwa kama daktari anayeleta habari mbaya, akaandika fakitire kwenye karatasi ya pakiti ya sigara: buji mbili, bobini, karbirateri nzima, na mkono wake. Jumla dola 180.

Katika sanduku letu la AVEC mlikuwa na dola 210. Na kila mmoja wetu anajua hizo 210 zilikuwa za nini. Zilikuwa za ada za shule za tranche ya pili. Sisi tunaofundisha tunajua vizuri sura ya mtoto anayesomewa jina lake mlangoni na kurudishwa nyumbani, kwa sababu mara nyingine sisi ndio tunaopewa ile orodha kuisoma.

Hapo mama mhazini, ambaye hajawahi kugusa moteri maishani mwake, aliuliza swali moja: "Fundi, umeuona ugonjwa, ao unauza dawa tu?" Fundi alikasirika kidogo. Alisema moteri hiyo ni mzee, kila kitu ndani yake kimekufa. Mama mhazini akajibu kwamba hata yeye ni mzee, lakini akiumwa jino hawamkati mguu. Watu walicheka, na pesa zikabaki ndani ya sanduku hadi kesho yake.

Kesho yake tulimleta mzee mmoja wa Nguba aliyetengeneza moteri za boti tangu enzi ya Zaire, na sasa macho yamepungua. Kwa sababu ya macho yake hayo, alitufanya sisi kuwa macho yake. Hakushika chombo chochote kwa saa nzima ya kwanza. Aliuliza tu. Iliwaka mara ya mwisho lini? Ilizima ghafla, ao ilikuwa inadhoofika polepole? Esanse ilinunuliwa wapi, ikakaa siku ngapi? Mvua ilinyesha? Nani aliyeibeba? Sisi tukaona haya, maana hivyo ndivyo tunavyofundishwa kumsikiliza mwanafunzi kabla ya kumpa sifuri, na mara nyingi hatufanyi.

Kisha alituambia neno ambalo tunataka kila mama alikate na kulibandika ukutani. Moteri ya esanse, kubwa ao ndogo, inahitaji vitu vitatu tu ili iwake: cheche ya moto, chakula, na pumzi. Cheche inatoka kwenye buji. Chakula ni esanse iliyo safi na ya kiasi kinachofaa. Pumzi ni hewa inayoingia na kukandamizwa ndani ya silinda. Ikikataa kuwaka, kimoja kati ya hivyo hakipo. Kazi ni kujua ni kipi, na kazi hiyo haina bei. Bei inakuja baadaye, ukishajua.

Lakini hata kabla ya hivyo vitatu, alisema, anza na upumbavu. Ndilo neno lake. Ile kamba nyekundu ya kuzimia, ambayo kapiteni anapaswa kuifunga mkononi ili akianguka majini moteri izime yenyewe, kipande chake kimekaa mahali pake? Kikichomoka, unaweza kuvuta hadi Paska. Mkono wa gia uko katikati, wala si mbele wala si nyuma? Kifuniko cha tangi kina visi kidogo juu yake cha kupitishia hewa: kimefunguliwa? Kikifungwa, esanse inaondoka na hewa haiingii, tangi linanyonyana lenyewe, na moteri inawaka dakika chache halafu inakufa kwa njaa huku tangi limejaa. Na ule mpira wa esanse, wenye tumbo katikati la kuminya kwa mkono, una mshale: mshale utazame moteri. Minya mpaka tumbo liwe gumu. Likikataa kuwa gumu, kuna mahali hewa inaingia, ao tangi ni tupu. Mzee alisema kwamba katika maisha yake amelipwa mara nyingi kwa kufungua kile kivisi cha hewa tu, na hakuwahi kumwambia mteja. Sasa amezeeka, anatubu kwetu.

Kwetu sisi upumbavu haukuwa tatizo. Vyote vilikuwa mahali pake, na tumbo la mpira lilikuwa gumu. Tukaendelea.

Tulifungua buji kwa ufunguo wake. Zote mbili zilitoka zimelowa, nyeusi tititi, zinanuka esanse. Mzee alizipapasa kwa kidole akasema: "Hii haina njaa. Hii imevimbiwa." Chakula kinafika, lakini hakiungui. Hapo tukajifunza jambo linalotuhusu sisi wa Kivu kuliko watu wa pwani, na ruhusuni tukae juu yake kidogo, maana ni somo la fizikia na la jikoni pamoja.

Ziwa letu liko kwenye mita karibu 1,460 juu ya bahari. Huku juu hewa ni nyepesi: uzito wake unaokandamiza ni pungufu ya ule wa baharini kwa asilimia kama 15. Ndiyo sababu maji ya chungu chako hapa Bukavu yanachemka kwenye digrii kama 95 wala hayangoji 100, na ndiyo sababu maharagwe yanakula makala mengi hivyo. Shangazi wa Dar es Salaam anayekucheka kwamba hujui kupika maharagwe, mwambie aje apikie huku. Basi moteri nyingi zinatoka kiwandani zikiwa zimepimiwa hewa ya baharini. Zikiletwa huku juu, zinapata hewa kidogo lakini esanse ileile. Chungu kimejaa, moto hautoshi. Esanse isiyoungua inabaki kama masizi juu ya buji, inazifunika, na cheche inakosa pa kurukia. Kuna vipande vidogo vya shaba ndani ya karbirateri vinavyoweza kubadilishwa ili esanse ipungue, na fundi mzuri anavijua. Asiyevijua atakuuzia buji mpya kila mwezi.

Kisha mzee akauliza nani anachanganya mafuta. Moteri yetu ni ya zile zinazokunywa esanse iliyochanganywa na mafuta ya kulainisha, maana haina mahali pake pa kuyawekea. Kipimo kilichoandikwa juu ya nyingi za aina hiyo ni sehemu 50 za esanse kwa sehemu 1 ya mafuta. Tufanye hesabu kama darasani: bido ya njano ya litre 20 inataka mafuta mililita 400, yaani chupa ya nusu lita isiyojaa. Zile za zamani zaidi zinataka mara mbili ya hayo, kwa hiyo someni kwanza kilichoandikwa. Kapiteni wetu alikiri kwamba yeye anamimina "kwa jicho". Na jicho lake, kwa kuogopa kuiunguza moteri, lilikuwa karimu sana. Mafuta yakizidi ni masizi tena. Yakipungua ni balaa kubwa zaidi: vyuma vinasuguana vikavu na siku moja vinashikana, na hapo ndipo dola 180 zitaonekana kidogo. Sasa kuna chupa yenye alama ya rangi ya kucha, mstari mmoja, na hakuna kumimina bila hiyo.

Tulisafisha buji kwa brosi ya nyaya laini, tukazikausha, tukatafuta cheche. Fanya hivi, lakini sikiliza kwanza: mbali na tangi, pasipo harufu nzito ya esanse, pasipo sigara wala babula jirani. Buji inarudishwa ndani ya kofia yake ya mpira, ubavu wake wa chuma unagusishwa kwenye chuma cha moteri mbali na lile tundu ilimotoka, unaishika kwa pensi yenye mikono ya plastiki ao kitambaa kikavu, mwingine anavuta kamba. Ukishika chuma kwa vidole utapigwa, na ni pigo ambalo hutalisahau. Mchana cheche haionekani vizuri, kwa hiyo mama mmoja alivua kitenge chake cha juu tukajifunika kama wapiga picha wa zamani. Tukaiona: ndogo, ya buluu, tak, tak. Ya pili vilevile.

Wamama, hapo tuliguna wote pamoja. Kwa sababu bobini ndiyo inayotengeneza cheche. Cheche ikiwa buluu na yenye nguvu, bobini haijafa. Mstari mzima wa fakitire ulifutika chini ya kitenge.

Pumzi nayo ilipimwa kwa njia rahisi kuliko zote. Weka kidole gumba juu ya tundu la buji, mwenzako avute kamba polepole. Silinda ikiwa na afya, inasukuma kidole kwa nguvu. Ikiwa imechakaa, utasikia kama pumzi ya mtoto aliyelala. Yetu ilisukuma kote kuwili. "Bado ina mapafu," alisema mzee. Tukarudisha buji, tukafungua gazi nusu bila kuvuta stateri, kwa kuwa moteri iliyovimbiwa huiongezei chakula, na kapiteni akavuta. Ikashika! Ikanguruma kama sekunde tano. Watoto wakapiga makofi. Ikafa.

Kuvuta tena, ikakohoa. Tena, kimya. Tunawaambieni ukweli, hapo sisi tulikata tamaa, na mtu mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba labda fundi wa jana alikuwa na haki. Mzee hakusema kitu. Aliomba chupa ya maji iliyo tupu, ile ya plastiki inayopitisha mwanga.

Akamwambia kapiteni achomoe mpira na kumimina esanse kutoka chini kabisa ya tangi ndani ya chupa. Tukaiweka juu ya jiwe, tukaambiwa tungoje bila kuigusa. Baada ya dakika chache, kukawa na mstari. Juu, esanse yenye rangi ya mafuta. Chini, unene wa vidole viwili, kitu cheupe kinachong'aa. Maji. Maji ni mazito kuliko esanse, yanashuka chini, na mpira wa tangi unanyonya kutoka chini. Moteri yetu ilikuwa inakunywa maji ya mvua.

Sasa ni nani aliyeyaweka? Kwanza kila mtu aliwalaumu vijana wa kadafi wanaouza esanse kwa chupa kando ya barabara. Si kwamba tunawatetea: wako wanaoongeza petroli ya taa, na hiyo unaijua ukiitia kiganjani kabla ya kuchanganya mafuta, esanse safi inaruka na kuacha baridi, petroli inabaki na kuteleza. Lakini maji haya hayakutoka kwao. Tangi letu lilikaa nje siku nne za mvua, kifuniko kimelegezwa kwa sababu mtu alisikia kwamba "lipumue". Ni kweli linapaswa kupumua likiwa kazini, si likiwa limelala chini ya mbingu za Bukavu mwezi wa kumi na moja. Na zaidi ya hayo lilikuwa nusu tupu, na tangi nusu tupu usiku wa baridi linatoa jasho ndani kama dirisha la darasa. Kosa ni la nani? Ni letu. Zamu ya kuliingiza ndani juma lile ilikuwa ya mwandishi wa ukurasa huu, ambaye alikuwa na makaratasi ya mitihani ya kusahihisha na akasema atalipita kesho.

Karbirateri ya dola nyingi haikuhitajika. Chini yake kuna kikombe kidogo chenye visi. Ukikifungua, kilichobaki kinamwagika ndani ya kopo: kwetu kilitoka maji, chembe za kutu, na kitu cha kunata kama gundi ya ulezi. Hiyo gundi ni esanse iliyozeeka. Esanse si divai, haiboreki kwa kukaa. Ikikaa miezi ndani ya karbirateri inakauka na kuziba vitundu vyembamba kuliko sindano. Mzee alivipuliza, akatumia uzi mmoja wa brosi laini, akatukataza kabisa kutumia sindano ya chuma kwa sababu inapanua tundu na hapo ndipo utanunua mpya kweli. Tangi tulilisuuza kwa esanse kidogo. Esanse safi tuliimimina kupitia kitambaa. Ile chafu haikumwagwa ziwani, maana hatua ishirini kutoka hapo kuna watoto wanaochota maji ya kupikia. Ya juu ilichujwa, ya chini ilipelekwa kwa fundi wa kusafishia vyuma.

Na ile chupa. Tafadhali, hapa msisome haraka. Chupa ya maji yenye esanse ikiwekwa chini ya kitanda ao nyuma ya mlango ni chupa ya maji machoni pa mtoto wa miaka mitatu. Akinywa, msimtapishe, msimpe maziwa wala mawese kwa nguvu. Esanse ikirudi juu inaingia mapafuni, na hapo ndipo inapoua. Mpelekeni hospitali upesi, na chupa mwende nayo. Vilevile wale wanaonyonya esanse kwa mdomo ili ipite kwenye mpira, kapiteni wetu akiwa wa kwanza, waache. Tumbo la mpira liliwekwa kwa kazi hiyo. Chupa yetu tuliikanyaga na kuitoboa mbele ya wote.

Saa nane ya mchana kapiteni alivuta mara ya kwanza, hapana. Mara ya pili, ikakohoa moshi wa buluu. Mara ya tatu ikawaka na ikakaa. Mzee alisimama akiielekezea sikio, halafu akauliza: "Inakojoa?" Tukatazama nyuma: uzi wa maji ulikuwa unaruka kutoka ubavuni. Ndiyo, inakojoa. Maji yale ni ya ziwa, yanapanda kupoza moteri na kutoka. Moteri inayonguruma bila kukojoa izimwe palepale, haijalishi safari ni ya haraka namna gani, na isiwashwe kamwe juu ya mchanga ikiwa kavu. Ukitaka kuijaribu nyumbani, izamishe mguu wake ndani ya nusu pipa la maji.

Hesabu yote: esanse mpya, buji mbili mpya ambazo mzee alisema tuweke akiba kwenye boti, na nauli na chakula cha mzee, ambaye alikataa zaidi. Haikufika dola 25.

Tungeweza kuishia hapo na kufurahi. Lakini jioni ile, tukila sambaza pamoja, kapiteni alisema jambo ambalo hakuwa amelisema kwa mtu. Juma tatu zilizopita moteri hii ilizima ikiwa katikati, kati ya Idjwi na Bukavu, watu kumi na mmoja ndani, upepo wa alasiri umeanza. Kasia hakuna. Walivunja ubao wa kukalia, wakapiga maji kwa vipande vyake na kwa sahani, mpaka mtumbwi wa wavuvi ukawavuta. Wawili kati ya hao kumi na mmoja wako kwenye orodha ya wasomaji wa karatasi hii, na hawakutuambia kwa sababu waliogopa boti isifungwe. Ziwa lile lina vilindi vya mita zaidi ya 450. Jile za kuokoa mle ndani zilikuwa mbili, moja imeliwa na panya.

Hakuna asiyekumbuka tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ikapinduka mbele ya bandari ya Kituku kule Goma, karibu kabisa na kufika, watu wakiitazama kutoka ukingoni. Pale habari haikuwa ya moteri. Ilikuwa imejaa kupita kiasi. Lakini waliokuwa ndani walikuwa kama sisi, wenye mizigo ya soko na haraka ya kufika.

Tuliposoma kidogo tulikuta kwamba moteri ya kufunga nyuma ya boti ilipata kuuzwa sana kuanzia 1909 na mtu mmoja wa Marekani mzaliwa wa Norwe, Ole Evinrude. Hesabu na matangazo ya biashara yao viliendeshwa na mke wake Bess, na bila yeye huenda fundi yule angebaki na chuma chake uani. Tulifurahi sana kwa ajili ya huyo mama. Tangazo lake liliwaambia watu watupe makasia yao. Hapo tu, mama Bess, hatukubaliani.

Kikao cha juzi kilikuwa kirefu. Tulipendekeza kwamba moteri iwashwe na kuzimwa mara tatu ukingoni kabla ya mtu yeyote kupanda, kwamba makasia mawili yakae ndani siku zote, na kwamba idadi ya watu isizidi jile zilizopo. Sheria mbili za kwanza zilipita bila neno. Ya tatu ilileta kelele. Mama mmoja wa mananasi alisema kwa haki kabisa: jile ni nne baada ya kununua, wamama ni tisa, na nanasi lililoiva halingoji sanduku lijae. Mwingine akajibu kwamba mwanamke wa kumi na moja wa siku ile alikuwa na mimba ya miezi saba. Mama mhazini alishika ufunguo wa sanduku mfukoni na kusema ada za shule kwanza, na sisi, tunaofundisha, hatukuweza kumpinga kwa moyo wote wala kumuunga mkono kwa moyo wote. Kwa sasa tumekubaliana hivi: jile nne zinunuliwe juma hili kwa pesa zilizookolewa, watoto na wenye mimba wavae wao kwanza, na boti ichukue watu sita, safari mbili, hadi mwisho wa mwezi. Wa mananasi amekasirika bado. Amesema atakuja kikao kijacho na hesabu zake zimeandikwa, na tunamngoja.

Fundi wa fakitire tulimrudia, kwa sababu ni jirani, na mtoto wake yuko darasani kwetu. Hakuwa mwizi. Alisema kwamba wateja wakiona fundi anauliza maswali tu wanadhani hajui kazi, kwa hiyo amezoea kutaja vyuma. Amekubali kukaa na mzee wa Nguba siku za juma zinazokuja, mmoja na macho, mwingine na masikio.

Swali la barua. Dada mmoja wa Bagira anauliza kama hayo yote yanafaa kwa grupu yake ya umeme inayokataa kuwaka saluni. Ndiyo, dada: cheche, chakula, pumzi, kwa mpangilio uleule, na chupa ya plastiki vilevile. Tofauti moja: grupu nyingi ndogo za siku hizi zina mafuta yao chini, haziyachanganyi na esanse, na nyingi zina kifaa kinachokata cheche mafuta yakipungua. Ukikosa cheche, toa kijiti cha kupimia mafuta kabla ya kumwita mtu. Na grupu iwe nje, usiiwashe ndani ya saluni hata mvua ikinyesha. Moshi wake unaua bila harufu.

Siku ya posho, saa tatu ya asubuhi, mzee atakuwa ukingoni kwenye boti yetu. Njooni na buji ya zamani kama mnayo, kitambaa kikavu na chupa tupu moja. Wasichana wa darasa la sita tumewaalika pia. Tangi, kwa taarifa ya wote, linalala nyumbani kwa mama mhazini.